Kumwita Askari kwa Cheo Chake

(Maneno yaliyosemwa Lushoto mbele ya wazee, walimu na wasomaji)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya askari asiye ofisa: aitweje ajapo nyumbani, aandikweje katika barua, na jina lake liwekwe namna gani katika karatasi za serikali na za ukoo. Huenda mtu akasema moyoni, “Je, jambo hili nalo lataka hotuba? Askari ni askari. Mwite afande, yamekwisha.” Sisi twasema hayajaisha. Ofisa mkubwa hapotei, kwani jina lake liko magazetini na watu wengi wamjua. Lakini praiveti au koplo aliyetoka Mlalo, au Bumbuli, au Mtae, hana kitu cha kumtambulisha mbele ya watu wasiomjua ila mambo matatu: namba yake, cheo chake, na jina lake lililoandikwa sawasawa. Moja likiharibika, barua haimfiki, haki yake huchelewa, na akifa ugenini jamaa zake hupata taabu kumpata.

Tuanze na neno lenyewe. Askari ni neno lililotoka Kiarabu, nalo limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata limekuwa letu. Kwa sababu limekaa muda mrefu, limepanuka mno. Polisi ni askari, mlinzi wa magereza ni askari, mlinda wanyama wa porini ni askari, na yule mzee alalaye mlangoni pa duka na rungu lake naye ni askari. Kwa hiyo katika barua neno hili peke yake halitoshi. Ukiandika “kwa askari fulani, Dar es Salaam,” umeandika kama mtu aandikaye “kwa mkulima fulani, Usambara.” Na hapa twawaomba walimu jambo moja dogo: wazuieni watoto wasiseme “maaskari,” wala “askari zimefika.” Askari mmoja amefika, askari wengi wamefika. Ni mtu, basi apewe maneno ya mtu.

Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliye chini ya wote ni praiveti. Juu yake yuko koplo usu, kisha koplo, kisha sajenti, kisha sajinitaji, kisha afisa mteule daraja la pili, na juu yake afisa mteule daraja la kwanza. Hao wote ndio tunaowasema leo. Kuanzia luteni usu kwenda juu ni maofisa waliopewa kamisheni, na habari zao ni nyingine. Hapo kwa afisa mteule watu wengi hukosea, kwani husikia neno “afisa” wakadhani ni mwenzake kapteni. Sivyo. Yeye ni mtu aliyepanda ngazi tangu chini, na mara nyingi amekaa jeshini miaka mingi kuliko maofisa anaowapigia saluti. Ukimwandikia usikate cheo chake katikati ukamwita “afisa” tu, maana utakuwa umempa kisicho chake na kumnyima kilicho chake.

Sasa tuje kwenye neno “afande,” ambalo ndilo lililozoeleka kuliko yote. Asili yake yafaa kujulikana, nayo ina habari na milima yetu hii.

Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliletwa na Wadachi kupigana na Abushiri bin Salim katika pwani ya Pangani. Alikuja na askari Wasudani wengi walioandikwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Wasudani wale walikuwa wamezoea desturi za jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki. Wadachi wakaona si vyema kuvibadili, wakaviacha vile vile. Ndivyo maneno hayo yalivyoingia nchi hii, na hata hapa Lushoto, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Koplo aliitwa ombasha, maana yake kwa Kituruki ni mkubwa wa watu kumi. Sajenti aliitwa shaushi, na mkubwa wa mashaushi ni bashaushi. Juu yake alikuwako sol. Na juu ya sol, mmoja mmoja tu katika jeshi lote, alikuwako efendi. Waturuki nao neno hilo walilipata kwa Wayunani, nalo lilikuwa na maana ya bwana au mwenye amri.

Waingereza walipoingia Wilhelmstal mwezi wa Juni 1916, wale mashaushi na maombasha waliondoka pamoja na Wadachi kuelekea kusini, na vita ile haikuisha kwao mpaka Novemba 1918. Baadaye wengine wao waliandikwa katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Huko koplo na sajini wakachukua mahali pa ombasha na shaushi, lakini efendi halikufa. Askari wa Keya walimwita ofisa wao “efendi,” na katika miaka ya mwisho ya 1950 Waingereza walilifanya tena kuwa cheo hasa, cha Waafrika wachache waliopandishwa juu ya masajini meja. Idi Amin wa Uganda alipewa cheo hicho mwaka 1959. Cheo hakikudumu, ila neno lilibaki midomoni mwa watu, likageuka kidogo likawa afande.

Basi mwaona kwamba “afande” si jina la askari ye yote tu. Ni neno la kupanda juu: wa chini humwambia aliye juu yake. Praiveti humwambia koplo, koplo humwambia sajenti, nao wote humwambia ofisa. Mzee wa kijiji, au mwalimu, au mama auzaye mboga katika soko la Soni, hayumo katika ngazi ile. Hakuna askari aliye na amri juu yake kwa sababu ya cheo chake cha jeshi. Akimwita askari “afande,” hakufanya kosa la adabu, na twajua wengi hutumia neno hilo kwa wema, hasa barabarani mbele ya polisi. Lakini si wajibu wake. Twaona hata haya kumsikia mtu mwenye mvi akimwambia kijana wa miaka 20 “afande, afande,” huku akiinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa. Kijana mwenyewe, kama amelelewa vizuri, ataona haya zaidi. Inatosha kusema “Koplo,” ukataja na jina lake. Kama hukijui cheo chake, mwite “bwana askari,” au “ndugu askari,” au mwulize: “Bwana, cheo chako nani?” Kuuliza si dharau. Sare ina alama mkononi, lakini si kila raia amefundishwa kuzisoma.

Liko na kosa la upande wa pili. Zamani, watu wazima wenye wake na watoto waliitwa “boi” na watu waliowatawala, jeshini na nje ya jeshi. Neno hilo limekwisha, na hakuna atakaye lirudi. Lakini wako raia wa siku hizi ambao humwona praiveti kuwa ni kijana wa kutumwa tu. Husema “we askari, hebu njoo hapa,” au humpigia mluzi. Wako na wazazi ambao huulizwa habari za mtoto wao wakajibu kwa haya, “Yuko jeshini, lakini ni sajenti tu.” Twawakumbusha hao habari ya Nigel Leakey, aliyekuwa katika Keya ya 6, kikosi cha Tanganyika. Aliuawa tarehe 19 Mei 1941 huko Kolito katika Ethiopia, akipanda juu ya vifaru vya adui, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ambayo kwa Waingereza haina ya kuipita kwa ushujaa vitani. Kambi kubwa ya Dar es Salaam ikapewa jina la mahali pale, ikaitwa Colito. Leo yaitwa Lugalo. Yeye alikuwa sajenti, na hata leo habari zake zikiandikwa, huandikwa Sajenti Leakey. Hakuna aandikaye “sajenti tu.”

Tena kambi hiyo ya Colito ndiyo iliyoasi mwezi wa Januari 1964, askari wakidai mishahara na kutaka maofisa Waingereza waondoke. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi. Katika jeshi jipya vyeo vingine vilipata sura ya Kiswahili: ndipo tunaposema koplo usu na afisa mteule. Neno hilo “usu” lisiachwe katika maandishi. Laonyesha cheo kilicho chini kidogo ya kile kinachotajwa, na mtu aliyeandikwa koplo mahali pamoja na koplo usu mahali pengine huonekana karatasini kama watu wawili.

Je, akija nyumbani kwa likizo? Hapo twasema wazi kwamba cheo kina mahali pake. Kijana apandaye gari Mombo na kupita kona zote za mlima, kilomita zipatazo 32, mpaka Lushoto, akifika kwao si koplo wa baba yake. Baba amwite kwa jina alilompa. Mjomba na shangazi wamwite kama walivyozoea. Wenzake wa rika wakimwita “mgoshi,” ni vyema kabisa. Kwa Mshambaa hakuna neno la kiume lenye ukaribu kuliko hilo. Wala yeye asitake kuamkiwa na wakubwa wake kwa sababu ya viatu vyake vizito. Ila akija kwa kazi, amevaa sare, au akiitwa mbele ya mkutano wa kijiji kusema kama askari, basi hata baba yake afanya vizuri kumtaja kwa cheo. Kikao ni cha watu wote, na watu wote wapaswa kujua ni nani asemaye.

Akiwa ni mwanamke, desturi ni ile ile. Twalisema hili kwa sababu tumeulizwa mara nyingi. Praiveti ni praiveti, sajenti ni sajenti. Vyeo hivi katika lugha yetu havina kiume wala kike. Dada yake na amwite dada. Wewe uliyefika kambini kwa shughuli yako, mwite Sajenti, usimwite “dada” wala “mama” kana kwamba umemkuta jikoni kwake.

Na vijana walioko mafunzoni, kama wale wa Jeshi la Kujenga Taifa huko Maramba au Mgambo katika mkoa wetu wa Tanga, huitwa makuruta mpaka wamalize. Kuruta si tusi, wala si cheo cha kuandikwa juu ya bahasha kwa fahari.

Sasa twafika penye uzito, ndipo tunapoomba mtusikilize zaidi: jina lenyewe.

Huku kwetu mtu mmoja aweza kuwa na majina manne. Analo la utotoni, ambalo bibi yake hakubali kuliacha. Analo la ukoo, na wengi katika sisi majina hayo yaanza na She- au Se-. Analo la msikitini au la ubatizo. Kisha analo lile alilopewa na karani wa shule, ambalo mara nyingine halifanani na lo lote katika hayo. Tuseme basi kijana aitwa Athumani Shefulani. Shuleni aliandikwa Othman S. Fulani. Jeshini aliingia kwa karatasi za shule. Mama yake anapougua, mwalimu wa kijiji huandika barua kambini kumwombea mwanawe ruhusa, naye humtaja kwa jina analomwita mama, bila namba wala cheo. Karani wa kikosi afanyeje? Ana Athumani watano, wala hana Shefulani hata mmoja. Barua yalala mezani, na mama angoja.

Haya si mageni. Katika vita ya 1939 hata 1945 watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 walitumika jeshini. Walifika Ethiopia, Madagaska na hata Burma. Sehemu ya mishahara yao ililetwa kwa jamaa zao, ikalipwa bomani. Palipokuwa na majina mawili kwa mtu mmoja palikuwa na maneno mengi, na mke asiyejua namba ya mumewe alikuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba ni mke.

Lakini hao angalau waliandikwa. Katika vita ya 1914 hata 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi waliochukua mizigo ya majeshi walikufa kwa njaa, kuhara na homa, katika nchi hii na nchi za jirani. Hawakuwa na cheo. Wengi waliandikwa vibaya, au hawakuandikwa kabisa. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina kwa jeshi lao la wapagazi, nao wenyewe hawana majina. Mwaka 1927 iliwekwa sanamu ya askari katikati ya mji ule, nayo ni nzuri kutazama. Ila ni askari mmoja wa shaba badala ya watu wote, bila jina la hata mmoja wao. Wakati huo huo askari wa Kizungu waliokufa katika vita ile walikuwa wakiandikiwa majina yao mmoja mmoja, kwa jiwe la kaburi au kwa ukuta wa kumbukumbu.

Jambo hili halikusemwa wazi na wenye makaburi mpaka Aprili 2021, ilipotolewa taarifa ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Taarifa ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa hata kidogo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Wakubwa wa siku zile walitoa sababu kwamba Waafrika hawajali makaburi. Ninyi mlioketi hapa mwajua jinsi Mshambaa anavyolijali kaburi la baba yake, hata hatuna haja ya kuwajibu.

Tazameni sasa tofauti. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wa Tanzania waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa huko Semuliki, mashariki ya Kongo. Kwa hesabu ya siku zile 14 waliuawa, na mwingine hakuonekana. Majina yao yalitangazwa pamoja na vyeo vyao, na wengi walikuwa wa vyeo hivi tunavyovisema. Kila nyumba ilijua aliye wake. Cheo cha praiveti, ambacho watu hukiona kidogo, siku ile kilisomwa mbele ya taifa zima kwa heshima ile ile kama cheo kingine cho chote.

Kwa hiyo, anayemwandikia askari, au kumwandikia mkuu wa kikosi juu ya askari, afuate utaratibu huu. Kwanza namba yake ya jeshi. Kisha cheo chake cha sasa, si cha mwaka juzi. Kisha majina yake kamili, kama yalivyo katika kitambulisho chake, herufi kwa herufi, ingawa bibi yake hayapendi. Mwisho kikosi chake na sanduku la posta. Ndani ya barua mwaweza kumwita mtakavyo. Siku hizi wengi hupiga simu tu, nasi hatuwazuii. Lakini simu ikizimika na mama ni mgonjwa, karatasi yenye mambo hayo manne ndiyo itakayofanya kazi. Kijana ajapo likizo, mwambieni ayaandike kwa mkono wake mwenyewe, karatasi iwekwe pamoja na vyeti vya nyumba.

Aliyestaafu haachi cheo chake mlangoni pa kambi. Andikeni “Sajenti” na jina lake, kisha neno mstaafu. Aliyekufa, andikeni marehemu, kisha cheo, kisha jina. Tumeona katika vijiji vyetu makaburi ya wazee wa Keya yaliyoandikwa jina moja tu, au hayakuandikwa lo lote. Wajukuu wakiulizwa, husema babu alikuwa “askari wa Mwingereza,” na habari zaishia hapo.

Walimu, hapa mna kazi. Katika nyumba nyingi za milimani zimo bado karatasi za kuachiwa jeshi, zimekunjwa ndani ya masanduku, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Ziombeni kwa adabu, msizichukue. Nakilini namba, cheo na jina kama yalivyoandikwa, hata kama karani wa zamani alikosea; kosa lake nalo liandikwe, na jina la nyumbani liwekwe chini yake. Kisha rudisheni karatasi siku ile ile kwa mwenyewe, na nakala moja ibaki katika daftari la shule.